Mwenyeji wa Bure

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nalisema hilo mapema ili tusisumbuane. Mtu aliyeanza kuuza maji kwa baiskeli moja isiyo na breki, madumu manne na elimu ya darasa la nne, akafika kumiliki gari la bluu lenye tangi la lita elfu tano, huyo amekwishaona ya kuona. Nimewahi kupeleka maji ya harusi na maji ya msiba siku moja, nyumba moja. Nimewahi kusimamishwa njiani na mkubwa wa serikali aliyekuwa na sabuni kichwani. Sikushangaa. Nilimpimia dumu lake, akalipa, nikaondoka.

Sasa nyie wenzangu wa pale kwa fundi viatu mmenisumbua wiki nzima. Baba Somoe, ilikuwaje ukaondoka na jogoo ukarudi na magodoro? Kila mmoja ana habari yake na zote za uongo. Mmoja wenu, namjua, amesema nilikwenda kuoa. Basi naandika mara moja tu, anayejua kusoma amsomee asiyejua, nisiulizwe tena.

Mnamjua binti yangu Somoe, yuko kidato cha tatu, analala bweni Newala mjini. Yeye na wenzake watatu walitengeneza tovuti. Tovuti, kwa asiyejua, ni kama ubao wa matangazo, isipokuwa umo ndani ya simu na unasomeka popote ulipo. Kulikuwa na mashindano ya tovuti za wanafunzi, wa sekondari na wa vyuo, na fainali ilikuwa Masasi siku ya Jumamosi. Ya kina Somoe ilihusu nini, sikuuliza. Nilijua tu inahusu maji, maana likizo iliyopita alinikalisha chini na daftari lake: Baba, dumu unauza bei gani, kisima kipi kimekauka, bomba lipi linatoa siku gani. Nilimjibu yote, kwa kirefu. Mtoto akiulizia kazi ya baba yake, nani atamnyima?

Alhamisi asubuhi ukaniingilia ujumbe uliotumwa kwa simu ya mwalimu wao. Nimeusoma mara nyingi tangu siku ile, naukumbuka kama Fatiha:

"Baba shikamoo. Tumefika Masasi. Mwenyeji wetu wa bure ametutoa. Wageni wakija hawatukuti. Tusipopata mwenyeji kabla ya Jumamosi saa nne asubuhi tunaondolewa kwenye mashindano. Baba tusaidie. Somoe."

Nyie mngeelewaje? Wasichana wanne wametolewa nje ya nyumba ya watu, Masasi, na vitabu vyao!

"Mpigie kwanza umuulize vizuri," akasema Mama Somoe.

Nikapiga. Haipatikani.

"Basi subiri jioni."

"Mtoto katupiwa mizigo nje, mimi nisubiri jioni?"

"Hakusema katupiwa mizigo, Baba Somoe."

"Wewe hujui Masasi. Mimi naijua."

Na kweli naijua. Lisekese, pale nje kidogo ya mji, anakaa Bwana Mohamedi, aliyeniuzia tangi langu la kwanza. Ana nyumba ya vyumba vitano na hana watoto wa kuvijaza. Namba yake ilikuwa kwenye ile simu iliyotumbukia tangini mwaka juzi, kwa hiyo ilibidi niende kwa miguu yangu. Na mtu haendi kuomba wenyeji mikono mitupu. Nikachukua kilo tano za korosho zilizobanguliwa, nikamfunga jogoo miguu, nikamwachia dereva wangu gari, kwa sababu gari langu halikosi kazi hata siku moja. Nikaondoka.

MNYAMBE HADI NEWALA MJINI

Hapa pangekuwa hapana la kusimulia kama si jogoo. Nilipakiwa kwenye pikipiki, jogoo kwapani, mfuko wa korosho katikati. Tulipofika Newala, nikiwa nalipa, kamba ikalegea, naye akaingia kwenye banda la mama mmoja auzaye mitumba. Alipanda juu ya rundo la mashati meupe. Mnajua jogoo anafanya nini akiogopa.

"Shati hili umelinunua, baba," akasema yule mama.

"Si kipimo changu, mama."

"Kuku wako amelipenda. Lipa."

Nikalipa. Wakati nimemkamata jogoo na nimekunja shati, basi la Masasi nalisikia honi tu, linaishia kule kwenye mteremko. Wapo watu ambao wangekaa chini wakalia. Mimi nilivaa lile shati. Kola ilikuwa safi.

NEWALA HADI MASASI

Nikapata pikapu. Ilikuwa imebeba magodoro ya sponji hadi juu, na sisi abiria tukawekwa juu ya magodoro. Wenye mabasi yao wasingeamini: hakuna kiti cha basi kilicho laini namna ile. Dereva, ambaye ndiye mwenye mali, alikuwa Mngoni wa Songea, na alipojua mimi ni Mmakonde alianza utani kabla hajawasha gari.

"Mtani wangu, magodoro haya yaangalie. Nyie mmezoea kulala juu ya mchanga mkisubiri panya watoke."

"Panya wanatoka," nikamwambia. "Ila wakisikia Mngoni anapita wanarudi shimoni, wanajua yule hana hata chumvi ya kuwalia."

Juu ya magodoro tulikuwa wawili tu, mimi na mama mmoja mwenye beseni la ming'oko iliyochemshwa, vile viazi vyetu vya porini, anakwenda kuiuza Masasi. Aliitwa Mama Zainabu. Tulianza kuteremka kutoka uwandani, tairi la nyuma likapasuka. Dereva akashusha spea. Spea nayo haina upepo. Akatafuta pikipiki ya kulipeleka tairi kwa fundi, akatuacha pale kando ya barabara saa tano na nusu, akarudi saa kumi na moja kasoro.

Muda wa saa tano na ushee na mama usiyemjua, mtaongea tu. Nilinunua ming'oko yake ya elfu mbili, tukala na korosho zangu. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mnyambe.

"Oo, poleni na maji."

"Pole ya nini?"

"Dada yangu kaolewa huko. Anasema kuna mtu ana gari la bluu, dumu moja mia saba! Anawapimia maji kama anapima mafuta ya taa."

Nilitafuna kwanza nikameza. Nikamwambia labda huyo mtu ana gharama zake: dizeli, matairi, mteremko huu huu tuliokaa.

"Gharama gani, baba? Maji kayaumba Mungu."

"Mungu kayaumba bondeni, mama. Kuyapandisha juu hakusema nani atalipa."

Akacheka, kisha akanitazama vizuri. "Unamjua?"

"Namsikia tu."

"Mwambie dada yangu ana watoto sita. Siku ya kufua wanapiga kura nani afuliwe."

Nilinunua ming'oko mingine ya elfu moja, ingawa nilikuwa nimeshiba.

Dereva aliporudi alikuta tumekuwa ndugu. Kwa kuwa alikuwa ametuchelewesha, aliona haya, na Mngoni akiona haya anafanya biashara. Aliniuliza safari yangu, nikamweleza wasichana wanne waliotolewa nje. Akapiga kofi juu ya godoro.

"Na huyo mwenyeji utakayempata ana magodoro manne ya akiba?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nawaambia ukweli, yule mtu ana akili. Nikanunua manne, elfu thelathini na tano kila moja, bei ya mtu aliyekwama njiani. Tulifika Masasi jua linazama nyuma ya yale majabali, akanishusha Lisekese mlangoni kwa Bwana Mohamedi, akaniambia, "Mtani, leo utalalia godoro kwa mara ya kwanza."

Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani akatoka.

"Bwana Mohamedi na mkewe wako Nanganga tangu Jumatatu. Wamekwenda kuwasaidia wakwe kuokota korosho."

Nililala barazani kwa yule jirani, juu ya magodoro manne, jogoo kichwani kwangu. Sikushangaa.

MASASI HADI NANGANGA

Ijumaa asubuhi niliyaacha magodoro kwa jirani nikapanda basi la kwanza. Barabara ya lami, saa moja haijaisha nimeshafika, na hapa ndipo nilipofanya makosa yangu mawili. La kwanza ni la simu, la pili ni la jogoo.

Simu ilikuwa imezimika tangu mteremkoni. Pale Nanganga kuna kinyozi anayechaji simu, nikamwachia, nikakaa kunyolewa ndevu. Ilipowaka tu, ujumbe ukaingia. Ulikuwa umetumwa Alhamisi mchana:

"Baba, mwenyeji tumempata ni 38,000 kwa mwaka. Tuma kwa namba hii ya Mwalimu Editha. Ni haraka. Somoe."

Nikamsomea kinyozi kwa sauti. Akashusha wembe.

"Kwa mwaka? Wanakaa siku ngapi?"

"Siku tatu."

"Wasichana wangapi?"

"Wanne."

"Na chakula juu yake?"

"Haikusemwa."

"Mzee wangu, hakuna mtu Masasi anayepokea wasichana wanne mwaka mzima kwa elfu thelathini na nane. Huyo anataka hiyo pesa kwanza, halafu hamumuoni tena."

Ndivyo nilivyofikiri na mimi. Mtu anayeishi kwa kupima maji hapimiwi uongo. Nikapiga, haipatikani. Nikaandika kwa kidole kimoja, na kwa kiburi chote nilicho nacho: "Msitoe hata senti. Huyo ni tapeli. Baba anakuja kesho na mwenyeji wa bure. Mwambie Mwalimu." Ujumbe ukaenda. Umeme ukakatika, simu ikazimika tena.

Kosa la pili. Nilielekezwa nyumba ya wakwe zake Bwana Mohamedi. Yeye na Bi Hawa, mkewe, walikuwa shambani. Nikamkuta mkwewe, bibi wa makamo ya kuheshimika, na mabinti wawili wanapepeta. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nimevaa shati jeupe, ndevu zimenyolewa mbichi, jogoo mkononi, zawadi mfukoni. Nikasema maneno ambayo mtu hapaswi kuyasema akiwa hivyo:

"Mama, nimekuja kwa ajili ya wasichana."

Kupepeta kukasimama.

"Wasichana gani?" akauliza bibi.

"Wanne. Lakini nitaeleza Bwana Mohamedi akifika."

Bibi alinitazama kutoka kola hadi viatu. "Wanne! Mposaji gani anakuja peke yake, bila mshenga, na jogoo mmoja kwa wasichana wanne?"

Binti mmoja akakimbilia ndani, mwingine akaziba mdomo na ungo. Nikaeleza. Nilipoeleza ndipo palipoharibika, kwa sababu kadiri nilivyosema ni wanafunzi, bibi akazidi kukasirika. Nimekalishwa juani kwenye kinu kilichopinduliwa mpaka saa nane, bila maji, mimi muuza maji, hadi Bwana Mohamedi na Bi Hawa waliporudi na magunia yao.

Bwana Mohamedi alicheka hadi akashika ukuta. Basi hapo ndipo habari ya kuoa ilipoanzia. Imesafiri kutoka Nanganga mpaka Mnyambe bila nauli.

Bi Hawa hakucheka. Aliuliza jambo moja tu.

"Hao watoto wamelala wapi jana?"

"Sijui."

"Na juzi?"

"Sijui."

Akafungua khanga, akafunga upya. "Mohamedi, korosho zitatungoja. Twende."

NANGANGA KURUDI LISEKESE

Tulipata gari alasiri. Njia nzima Bwana Mohamedi aliniuliza kama wasichana wa siku hizi wanakula sana, na Bi Hawa akamwambia wewe ulipokuja kuposa ulivyokula, sijasahau. Tulipofika Bi Hawa alifagia, akapiga deki vyumba viwili, akatandika magodoro yangu manne na mashuka yenye maua. Alinionyesha ndoo mbili za maji ya kuogea zimefunikwa. Akamchinja jogoo. Nilitaka kwenda mjini jioni ile ile kuwatafuta, akanikataza: watoto watakuwa wametawanyika kwa watu, utazunguka bure, kesho utawakuta wote ukumbini. Nilimsikiliza. Nawaambia hili ili mjue kuwa nami husikiliza.

Alfajiri alipika pilau ya jogoo, sufuria nzima, akaifunga kwa kitambaa.

LISEKESE HADI UKUMBINI

Pikipiki mbili: ya kwanza mimi na Bwana Mohamedi, ya pili Bi Hawa na sufuria. Tulifika saa tatu na robo. Ukumbi ulikuwa wa chuo kimoja pale mjini, umejaa vijana na kompyuta, ukutani wametundika karatasi yenye majina ya washindani. La kina Somoe lilikuwa na alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.

Waliponiona walinikimbilia wote wanne. Sijawahi kupokewa vile hata siku nilipoleta gari. Mwalimu Editha, mwanamke mfupi mwenye miwani, alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo Baba," akasema Somoe. "Umekuja naye?"

"Nimekuja naye."

"Wa bure kweli?"

"Wa bure, na pilau juu."

Nikasogea pembeni wamwone. Bwana Mohamedi akavua kofia. "Karibuni sana, wanangu. Vyumba viwili, magodoro mapya. Maji ya kuoga yapo."

Mwalimu Editha alitazama nyuma yake Bwana Mohamedi, kama mtu anayetafuta mtu mwingine aliyejificha.

"Baba," akasema Somoe polepole, "mwenyeji yuko wapi?"

"Huyo hapo!"

"Baba. Mwenyeji ni kompyuta."

"Ni nini?" nikauliza.

"Ni kompyuta. Iko mbali huko, inawaka usiku na mchana, tovuti yetu inakaa ndani yake. Ya bure ilitutoa kwa sababu picha zetu zilizidi kipimo. Tovuti imezimika tangu Jumatano."

"Na wageni?"

"Wageni ni watu wanaoifungua."

"Na nyie mmelala wapi?"

"Hapa bwenini. Kuna vitanda, Baba. Na neti."

Mwalimu Editha akanieleza. Mashindano haya yalitaka Kiswahili kitupu, hakuna neno la Kiingereza kwenye tovuti, na yeye ili wasichana wazoee alikuwa akimfagilisha darasa kila anayechanganya lugha. Kwa hiyo mwaka mzima walikuwa wakisema mwenyeji, wageni, mlango, hata wakiota. Somoe aliniandikia kama anavyoongea. Halafu akaniambia kwa upole jambo ambalo bado linaniwasha: mkuu wao wa shule alitaka kutuma ile elfu thelathini na nane jana mchana.

"Nilimwambia asijisumbue," akasema. "Nikamwambia kuna mzazi ana mwenyeji wa bure. Sasa yuko njiani kwenda Mtwara, simu haishiki."

Somoe hakulia. Alishika kiganja chake cha kushoto kwa cha kulia na kukibana, kama mama yake anavyofanya akitaka asiseme neno. Mnanijua, nimetukanwa na watu wazima kwenye foleni ya maji na sikutikisika. Kile kiganja kilinitikisa.

Saa tatu na dakika ishirini na tano. Saa nne jina linafutwa.

Simu yangu ndiyo yenye pesa, na simu imekufa tangu Nanganga, maana Lisekese nako umeme haukuwepo. Mfukoni, baada ya magodoro na nauli na shati, nilikuwa na elfu ishirini na mbili. Mwalimu alikuwa amewalipia wasichana nauli kwa mshahara wake, hana kitu. Bwana Mohamedi akajipapasa, akatoa elfu sita. Hapo Bi Hawa akatua sufuria chini, akafungua pindo la khanga, akatoa noti moja ya elfu kumi iliyokunjwa mara nane.

"Nilikuja kuwa mwenyeji," akasema. "Haya, na tumlipe mwenyeji."

Wakala wa pesa yuko getini, na foleni ya watu saba. Bi Hawa alipita mbele yao wote na mwiko wake mkononi.

"Mama, foleni!" akasema kijana mmoja.

"Tuna mgonjwa."

"Yuko hospitali?"

"Afadhali angekuwa hospitali. Hana pa kulala tangu Jumatano."

Wakampisha.

Mwalimu alituma, wasichana wakarudi mbio kwenye kompyuta. Sisi watatu tulisimama nyuma yao na sufuria, hatuelewi tunachokitazama. Kitu kikawa kinazunguka, kinazunguka. Bwana Mohamedi akanong'ona kuuliza kama kuzunguka ni dalili nzuri. Saa nne kasoro dakika saba kikaacha kuzunguka, tovuti ikafunguka, na wasichana wakapiga kelele hadi mlinzi akaja.

"Sisi ndio wageni wa kwanza," akaniambia Somoe. Hapo kidogo akacheka.

JUKWAANI

Hatua hii ni fupi, kutoka kiti cha nyuma hadi mbele ya ukumbi, lakini ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote.

Zamu yao ilipofika, Somoe alipanda na ukuta mzima ukajaa picha ya Newala yetu. Visima, mabomba, vijiji kimoja kimoja. Kijani maana yake leo kuna maji, nyekundu hakuna. Mama akiwa shambani anabonyeza, anajua abebe ndoo aende wapi. Nilimgusa Bwana Mohamedi kwa kiwiko: umeona? Yote hayo mimi ndiye niliyemweleza.

Kisha akabonyeza palipoandikwa Wauzaji. Ikaja orodha ya bei za dumu, kutoka ya chini kwenda ya juu. Mia nne. Mia nne hamsini. Mia tano. Mwisho kabisa, peke yake, kwa herufi nene: "Gari la bluu, Mnyambe. Mia saba. Ghali kuliko wote."

Ukumbi ukaguna. Nami nimekaa na shati langu jeupe.

Nilikuwa nimemlipia mwenyeji kwa jasho langu, nikakopa na juu yake, ili wageni waje wanisome.

Jaji mmoja, mzee mwenye sauti nzito, akauliza, "Bei hizi mmezitoa wapi? Huyu wa gari la bluu mlimhoji, au ni maneno ya mitaani?"

"Tulimhoji," akasema Somoe. "Alijibu mwenyewe. Alifurahi sana kujibu."

"Anajua mmemwandika hivi?"

Somoe akatazama hadi kiti cha nyuma. Macho yake hayakuinama, na hayakuwa na jeuri.

"Anajua sasa hivi."

"Ndiye aliyelipia mwenyeji!" akaita Bi Hawa, kwa fahari, bila kujua analosema.

Walicheka watu wote. Wachekao walikuwa wengi kuliko waliowahi kununua maji yangu kwa siku moja. Nikafikiri nitoke. Nikamfikiria pia Mama Zainabu na ming'oko yake, na wale watoto sita wanaopiga kura. Nikasimama.

"Mimi ndiye," nikasema. "Na bei hiyo ni ya kweli. Hakuna mtu anayeweza kusema mwanangu kaandika uongo."

Nikamgeukia Somoe. "Sasa andika mia tano."

"Baba," akasema Somoe, kwenye kipaza sauti, "nikiandika hapa ni lazima iwe kweli na kesho. Tovuti yetu haiandiki bei ya leo tu."

"Kwani nimesema leo tu? Andika!"

Akaandika. Ukumbi mzima tuliiona ile saba ikifutwa, tano ikikaa mahali pake, na gari la bluu likapanda juu kidogo kwenye orodha, likawa sawa na wengine wa mia tano. Wakapiga makofi. Nilikaa chini nikanyoosha kola ya shati langu.

Walipata nafasi ya pili. Ya kwanza walichukua wavulana wa chuo kwa tovuti ya mnada wa korosho, nzuri, sikatai, ingawa haikuwa na rangi. Pilau tulikula na washindani wote, hadi jaji yule mwenye sauti nzito, aliyeniomba paja.

MASASI KURUDI MNYAMBE

Godoro moja nilimwachia Bi Hawa, hakulikataa. Elfu kumi yake aliikataa. Matatu nilirudi nayo kwenye basi, na kondakta akayatoza nauli kama watu. Somoe alikaa dirishani kando yangu. Tulipoanza kupanda mteremko akaniambia, "Baba, sikukuandika wewe. Niliandika gari la bluu."

"Kuna magari ya bluu mangapi Mnyambe?"

Akafikiri. "Moja."

"Basi."

Tulifika salama. Mama Somoe alisikiliza habari yote akiwa amebana midomo, mwishoni akaniuliza safari imetugharimu kiasi gani. Nami nawajibu nyie kama nilivyomjibu yeye. Jogoo tungemla hata hapa nyumbani. Shati nalivaa. Magodoro tunayalalia. Nauli ni haki ya mwenye kusafiri, na ile elfu thelathini na nane ni kodi, kila mpangaji anadaiwa. Vyote hivyo si gharama. Iliyonigharimu ni moja tu: shilingi mia mbili kamili, kwa kila dumu.